Kabla hujawatundikia baji wako boksi la kutagia, soma hii

Jike wangu wa kwanza kutaga, wa baji, hawa kasuku wadogo wa kufuga kwenye tundu, alikufa na yai tumboni. Alikuwa na miezi 7 tu, wa kijani, mdogo, mchangamfu sana, na mimi nilikuwa nimeona dume anamlisha mdomo kwa mdomo nikasema basi hawa tayari, nikawatundikia boksi siku ile ile. Wiki kama mbili baadae nikamkuta asubuhi yuko chini kwenye sakafu ya tundu, amejivimbisha manyoya kama mpira, macho nusu amefumba, na mkia unapanda unashuka kila akivuta pumzi. Nikadhani ni baridi. Nikamwacha nikaenda kwenye shughuli zangu, na niliporudi jioni alishakufa, nikimshika pale chini ya tumbo nalisikia kabisa lile yai, gumu, limekwama.

Sasa naandika haya kwa ajili ya wewe ambaye umepata baji wako wawili, dume na jike, na tayari unawaza vifaranga. Usikimbilie huko. Jifunze kwanza kuusoma mwili wa ndege wako, hasa jike, maana kila kitu kingine, vifaranga wazuri, rangi unazozitaka, mpaka kikombe cha shoo, yale mashindano ya ndege, ukifika huko, kinatoka kwenye mwili wa jike aliyelishwa vizuri na aliyesubiriwa mpaka akakomaa.

Kuna kitu lazima ukijue kuhusu hawa ndege: baji haonyeshi ugonjwa mpaka ushindwe kabisa kujificha. Asili yake ni Australia, kule anaruka kwa makundi makubwa kwenye nchi kavu akitafuta mbegu na maji, na ndege anayeonekana dhaifu kwenye kundi ndiye anayeliwa. Hiyo tabia bado anayo hata akiwa kwenye tundu lako, kwa hiyo ukimwona amejikunyata chini mchana kweupe ujue ameanza kuumwa siku kadhaa zilizopita. Ndio maana mimi nina mzani wa jikoni, ule wa dijito unaosoma gramu moja moja, nimefunga kijiti juu yake, kila asubuhi kabla sijaweka chakula ndege anapanda hapo nasoma namba naandika. Baji wa kawaida ana kama gramu 30 mpaka 40, wale wakubwa wa shoo wanazidi hapo. Wewe mjue wa kwako ana ngapi akiwa mzima. Ndege wa gramu 35 akipoteza 3 au 4 amepoteza kama sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo usisubiri, tafuta daktari anayejua ndege.

Angalia na kinyesi kwenye karatasi, kiwe na sehemu ya kijani iliyoshikana na nyeupe kidogo katikati. Na sikiliza pumzi yake akiwa ametulia. Mkia ukipiga juu chini wakati hajaruka wala hajacheza, hiyo sio baridi, yule wa kwangu ndivyo alivyokuwa.

Chakula nitakisema kwa urefu kidogo maana ndipo wengi tunapowaharibu. Mbegu kavu peke yake, uwele na wenzake, zinamshibisha baji lakini hazimtoshi, zina mafuta na wanga, vitamini A kidogo na chokaa, yaani kalsiamu, karibu hakuna. Jike anayekula hizo tu anapotaga anachota chokaa kwenye mifupa yake mwenyewe, ikipungua misuli inakosa nguvu ya kusukuma na yai linakwama, ndicho ninachoamini kilimuua wangu, pamoja na umri mdogo. Kwa hiyo ule mfupa mweupe wa dome, yule ndugu wa ngisi, uwe ndani ya tundu muda wote, sio wakati wa kutaga tu. Karoti iliyokunwa, brokoli, mbegu ulizolowesha zikaanza kuchipua, yai la kuchemsha lililosagwa mara moja moja. Watakataa mwanzoni, wa kwangu walikataa wiki tatu nzima wakawa wanaliangalia jani la brokoli kama nyoka, mpaka siku nilipolining'iniza likiwa limelowa maji chapachapa. Wakaanza kujisugua nalo waoge, manyoya yakalowa, mdomo ukagusa, wakaonja. Toka siku hiyo hawakuacha tena.

Parachichi usimpe hata kidogo, chokoleti pia, vyote vinaua. Na sufuria zile zisizogandisha chakula, zikipata moto kupita kiasi zinatoa hewa ambayo wewe hata huisikii lakini ndege anaweza kufa kwa dakika chache tu, tundu lisikae karibu na jiko.

Halafu bakuli. Baji anabangua mbegu na kuacha ganda pale pale juu, kwa hiyo bakuli linaonekana limejaa kumbe ni maganda matupu. Puliza kila siku uone chini kuna nini, kuna watu wameua ndege kwa njaa huku bakuli limejaa.

Haya, jike na dume. Angalia ile ngozi juu ya mdomo yenye matundu ya pua. Dume mkubwa inakuwa ya bluu, jike inakuwa ya kahawia au nyeupe yenye ubluu hafifu, na akiwa tayari kutaga inakuwa kahawia iliyokolea na inakwaruza kwaruza. Rangi nyingine zinadanganya, dume wa njano tupu mwenye macho mekundu au mweupe mwenye macho mekundu hiyo ngozi inabaki ya pinki mpaka uzee. Na umri pia unaonekana, kinda ana michirizi myeusi mpaka juu ya mdomo na macho yote meusi, akifika miezi 3 au 4 michirizi inarudi nyuma kisogoni na kipaji kinabaki wazi. Wanaanza kupandana mapema sana, miezi 4 au 5, ndio maana wengi tunadanganyika. Anaweza kupanda, haina maana anaweza kutaga salama. Mi sasa sitoi boksi kabla jike hajafikisha mwaka mmoja, na yule wa pili nilimsubiri mpaka miezi 14, ananenepa taratibu, manyoya yamekamilika baada ya kunyonyoka, ngozi ya pua kahawia, anatafuna kila mbao anayoiona. Huyo ndio tayari.

Boksi liwe la mbao, tundu la kuingilia sentimita 4 au 5, na sakafu iwe imechimbwa shimo kama kisahani. Hilo shimo sio urembo. Sakafu bapa inayoteleza inawafanya vifaranga miguu iende pembeni kama chura na ikishakomaa hivyo hawatembei tena. Weka maranda makavu ya mbao ambayo haijapakwa dawa, jike atayatoa mengine nje mwenyewe, usigombane nae. Kama umewaweka wengi pamoja, maboksi yawe mengi kuliko majike na yatundikwe kimo kimoja, majike wanagombania boksi la juu mpaka damu.

Anataga yai moja kila baada ya siku moja, mara nyingi 4 mpaka 6, na anaanza kuatamia karibu na yai la kwanza au la pili, kila yai linachukua kama siku 18. Sasa piga hesabu mwenyewe, kwenye mayai 6 kifaranga wa kwanza anaweza kumzidi wa mwisho siku 10, na siku 10 kwa baji ni kama mtoto wa shule na mchanga wa jana. Yule mdogo anakanyagwa, anakosa chakula. Kila asubuhi na jioni mi naangalia gole, kile kifuko cha chakula shingoni, kinaonekana kabisa kupitia ngozi kwa sababu wanazaliwa uchi. Likiwa limejaa, jeupe na laini, nafunga boksi naondoka. Likiwa tupu mara mbili mfululizo nampeleka kwa jike mwingine mwenye vifaranga wa saizi yake, na ndio maana ni vizuri kuwatundikia jozi mbili maboksi kwa wakati mmoja. Angalia na ndani ya mdomo wa juu, chakula kinaganda pale na mdomo unaota umepinda, kitoe taratibu na kijiti cha mbao kisicho na ncha. Na vidole, kinyesi kikigandia kwenye kucha loweka kwa maji vuguvugu usikivute kikavu, ukucha unang'oka nacho.

Nikirudi kwenye yai kukwama, maana sitaki ikutokee kama mimi. Jike aliyekaa chini, amejivimbisha, anasukuma, tumbo limejaa, hiyo ni ya saa hiyo hiyo sio ya kesho. Mtenge kwenye kiboksi kidogo chenye joto la kama nyuzi 30 na unyevu, mpe maji, mpigie daktari ukiwa unafanya hayo. Usimkamue tumbo, yai likipasukia ndani umemuua. Jike wangu mwingine mwaka uliofuata alifanya hivyo hivyo, nikamweka kwenye joto, daktari akampa chokaa ya sindano, baada ya saa kama mbili yai likatoka, nililia kwa kweli.

Vifaranga wanatoka kwenye boksi wakiwa na wiki 4 mpaka 5, baba ndio anaendelea kuwalisha, usiwatenganishe mpaka umewaona kwa macho yako wanabangua mbegu wenyewe. Mizao miwili kwa mwaka, kisha toa boksi. Jike atataka kuendelea, wewe ndio wa kukataa.

Kama unawaza shoo basi pete inaanza hapo hapo kwenye boksi, pete ya kufunga, ile ya mguuni yenye namba na isiyofunguka, inavalishwa siku ya 5 mpaka 10 kutegemea ukubwa, unapitisha vidole virefu vya mbele kwanza halafu unaivuta juu ya vile vya nyuma vikiwa vimelala kwenye mguu. Ukichelewa haipiti. Namba ya pete inaingia kwenye daftari pamoja na baba, mama, tarehe, na makosa uliyoyaona, nasisitiza makosa. Rangi utajifunza pole pole, kwa kuanzia ujue tu kijani ndio rangi yao ya porini na inaifunika bluu, kwa hiyo wazazi wawili wa kijani wanaweza kukupa wa bluu kama wote wameibeba ndani, lakini wa bluu wawili hawakupi wa kijani.

Hawa ndege John Gould, mtaalamu wa ndege Mwingereza, aliwaleta Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na chama cha wafugaji wa baji kule kilianzishwa 1925, toka hapo wamechaguliwa na kuchaguliwa tena mpaka ndege wa shoo leo ni mnyama mwingine kabisa ukimweka pembeni ya wa dukani, kichwa kipana, manyoya ya kipaji yanakaribia kufunika macho, urefu uliowekwa na chama hicho ni milimita 216. Kooni wanataka madoa 6 ya duara yaliyo sawa, wafugaji wanang'oa yaliyozidi kwa kibano siku chache kabla. Mi naona ukubwa umetafutwa mno na uzazi umelipa gharama, kwenye ndege wakubwa mayai mengi hayana mbegu, na nikichagua wa kuzalisha namwacha yule mkubwa mzito namchukua wa wastani anayeruka vizuri ambaye mama yake hakupata shida kutaga.

Na kitu ambacho hakuna aliyenieleza mapema, jaji hawezi kumpa alama ndege anayerukaruka kwenye nyavu. Ndege akae wima kwenye kijiti, kichwa juu, ametulia. Hiyo huifundishi wiki moja kabla. Tundu la shoo mi naliacha mlango wazi ndani ya tundu kubwa toka kinda ana wiki 7, na mashada ya uwele ndani, anaingia mwenyewe anakula anatoka. Baadae nafunga dakika 10, nusu saa, napita pita karibu, nagusa tundu kwa kijiti kidogo kama majaji wanavyofanya. Wiki tatu za mwisho nampulizia maji vuguvugu kila siku ili manyoya yajipange.

Ukirudi nae toka shoo usimwingize kwa wenzake. Siku 30 chumba kingine, bakuli lake, unamhudumia wa mwisho na unanawa mikono, maana pale ukumbini amepumua hewa moja na ndege wa watu wengi na magonjwa mengine ya hawa ndege yanampata hadi binadamu. Yule wangu wa bluu, mtoto wa yule jike wa miezi 14, alirudi kwenye shoo yake ya kwanza amepungua gramu 4, bila nafasi yoyote, siku ya tano akawa amezirudisha zote, siku ya 31 nikamfungulia mlango akarukia kijiti cha juu kabisa, akajikung'uta, akaanza kupiga kelele na wenzake.