Ajali imeisha lakini mwili bado uko Salgaa

Ukitoka kwa ajali mzima watu hapa Nakuru wanakuambia shukuru Mungu, sahau. Baada ya ajali yangu ya gari hapo Salgaa nilishukuru sana tu, lakini mwili ni kama haukuambiwa, trela ikipiga breki hapo barabara ya Eldoret mabega yanapanda, tumbo linakaza, mikono inakuwa baridi, na mimi niko zangu kwa kibanda nakunywa chai. Kaunsela akanieleza hiyo sio uoga wala pepo. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa amigdala, ikihisi hatari inaamka kabla hujafikiria, adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, kwa hivyo hata ujihubirie vipi maneno hayafiki huko haraka.

Mimi naanza na pumzi. Lakini usivute hewa kwa nguvu jamani, kizunguzungu kitakuja na utaogopa zaidi! Kazi iko kwa kutoa: vuta polepole ukihesabu hadi 4, toa hadi 6 ama 8 kama mtu anapoza uji. Ukitoa pumzi ndefu hivyo, neva ya vagasi, ile inatoka kwa ubongo hadi moyo, inapunguza mwendo wa moyo, na kwa matatu hakuna mtu atajua unafanya nini.

Halafu macho na miguu. Gari kabla itoke stejini nakanyaga chini vizuri, nageuza shingo naangalia mama wa njugu, rangi ya duka, mlango uko wapi, ndio mwili ujue niko hapa, sio kwa ajali.

Sasa kubwa ni hii, usikimbilie kusimulia ajali yote mara moja. Peter Levine, yule Mmarekani anatibu mshtuko wa akili kupitia mwili, anafundisha kugusa kumbukumbu kidogo tu halafu unarudi mahali mwilini pametulia. Nilikuwa nakaa kwa gari imezimwa, tumbo likikaza narudisha akili kwa viganja vyangu, joto lake, hadi tumbo liachilie, basi nashuka naenda zangu. Kupita Salgaa kulikuja baadaye sana. Zile video za watu wanajitetemesha wakilia ati wanatoa mshtuko mimi sizipendi, mtetemo ukija wenyewe uache upite, lakini wa kulazimisha wa nini?

Kama umeumia shingo au mbavu uliza daktari kwanza. Na kama mwezi umeisha bado hulali, ama unaona ajali kila ukifumba macho, tafuta kaunsela wa trauma, yaani mshtuko kama huu, au piga 1199 ya Red Cross, ni bure.