Usingoje Maumivu Yakwambie Uache

Mimi ni fundi wa kuchonga milango hapa Lamu, na kiuno kinaniuma kila siku ya Mungu. Picha nimepigwa, mazoezi nimefundishwa, na daktari hakunificha: maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na mara nyingi mishipa ya fahamu huendelea kuyapeleka ubongoni hata pale palipoumia pakishapona. Kwa hiyo sikai tena kungoja yaishe ndipo niishi.

Nina ushauri mmoja mkubwa: usifanye kazi mpaka uzidiwe ndipo upumzike. Acha kwa kufuata saa, si kwa kufuata maumivu. Mimi huchonga dakika 20, simu ikilia patasi inalala chini, hata kama ua limebakisha jani moja. Ni kazi ngumu hiyo, hasa siku njema, maana siku njema ndizo zinazotuponza. Ukiamka mwepesi wataka kumaliza viporo vya wiki nzima, kesho yake hata kufunga kikoi ni shida. Chagua muda unaouweza hata siku mbaya, kisha uongeze kidogo kidogo.

Na nguvu za asubuhi zipe kile unachokipenda. Mimi nauchonga mlango kwanza. Kufagia vumbi na mambo ya hesabu yatangoja. Ukianza na shughuli ndogondogo, utafika adhuhuri umechoka na hujagusa kilichokuamsha.

Halafu badilisha mambo yakufuate wewe. Kazi hii wengi huifanya wamekaa chini, ubao wa mbambakofi uko sakafuni. Wangu nimeupandisha mezani, nasimama na kukaa kwa zamu. Mzee mmoja aliniambia mlango wa mezani hauna baraka. Mteja hakuuliza. Nikivuka kwenda kisiwa cha Manda nangoja maji yajae, kwa sababu maji yakitoka boti hushuka chini kabisa ya ngazi za gati, na kule kuruka ndiko kunakonimaliza. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi safari naipanga mapema. Msikitini naswali kitini bila haya, Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Husayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu.

Barazani nenda, hata kwa robo saa. Kujifungia ndani huzidisha maumivu, sijui kwa wengine, kwangu ni hivyo. Watakuambia "mbona u mzima tu?" Usijitetee. Nyumbani ndiko kwa kusema wazi: mimi humwambia mke wangu "leo ni siku ya kukaa", naye hanibebeshi ndoo wala haniulizi mara ya pili.

Dawa za kutuliza za dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni, usizimeze kila siku kwa mazoea. Zinachoma tumbo na kuharibu figo. Mwambie daktari unazotumia, pamoja na za mitishamba.

Na kama maumivu ya kiuno yanakuja na miguu kuishiwa nguvu ghafla, ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri, au mkojo kukataa kutoka au kutoka bila habari, weka haya mambo yangu yote kando uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na itabidi kuamsha nahodha wa boti.