QGIS inakesha ikiunganisha majengo na kata za Dodoma

Mkuu, umesema QGIS, hiyo programu ya kuchora na kuchambua ramani, inachukua muda mrefu kuunganisha majengo na kata; usikimbilie kununua RAM. Kama kazi ni kulipatia kila jengo jina la kata yake, angalia kwanza kama leya zako (tabaka za ramani, moja ya majengo na moja ya kata) zina indeksi ya kimaeneo, yaani orodha inayoiwezesha programu kujua haraka kipi kiko wapi. Bila hiyo, programu inaweza kulinganisha kila jengo na kila kata, hata jengo la Ihumwa na mpaka wa Zuzu huko upande wa pili wa jiji! Hifadhi leya upya kwa GeoPackage (aina ya faili la data za ramani), indeksi inajitengeneza yenyewe. Ukiing'ang'ania shapefile, aina ya faili ya zamani, itengeneze kwenye sifa za leya, sehemu ya chanzo.

Kingine ambacho wengi hawakiangalii ni projeksheni, yaani mfumo wa kuuweka uso wa dunia kwenye ramani bapa. Dodoma mjini ipo kanda ya 36 kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda (namba yake kwenye programu ni EPSG:32736), ila longitudo 36 inapita mashariki kidogo tu ya mji, hivyo data za Kongwa na Mpwapwa unaweza kuzikuta kwa kanda ya 37 (EPSG:32737). Ukizichanganya, QGIS inageuza umbo moja moja huku kazi ikiendelea. Geuza leya moja ifuate kanda ya nyingine kabla, uihifadhi, ndo uunganishe.

Kwa kazi yako mimi ningegeuza majengo kuwa nukta za katikati. Nukta ni nyepesi kuliko poligoni (umbo lenye mzunguko wote wa jengo), na jengo lililokaa juu ya mpaka halitahesabiwa kata mbili.

Halafu faili likae kwenye diski ya mashine, SSD (diski ya kasi) kama ipo, sio kwenye flashi.