Mbwa, paka na bei ya dawa: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Nina mbwa watatu hapa Njiro. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka inanimaliza. Naweza kuruka mwaka mmoja?

Usiruke. Ila bei inashushika. Chanjo hii huja pia kwenye chupa za dozi 10, na chupa ikishatobolewa inatakiwa iishe siku hiyohiyo. Daktari akija kwa mbwa watatu tu, dozi saba zinamwagwa, na hasara hiyo unailipa wewe pamoja na nauli ya bodaboda. Pita kwa majirani, hesabuni mbwa na paka wa mtaa mzima, mwiteni siku moja na mpatane bei kabla hajafika. Hakikisha chupa inatoka kwenye barafu: chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyoshinda juani ni hela ya bure. Ulizia pia ofisi ya mifugo ya kata yako kuelekea Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kama kuna kampeni.

Shikamoo daktari. Jirani yangu Ngaramtoni anawadunga mbwa wake ivermektini, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, eti chupa moja inatosha mwaka. Na mimi nijaribu?

Marahaba. Jirani yako ana bahati tu. Chupa ile ya asilimia 1 imepimwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za ng'ombe. Kwa hesabu hiyo mbwa wa kilo 8 angepata kama sehemu ya sita ya mililita, na kwenye bomba kubwa la ng'ombe kipimo hicho hukioni. Tena wapo mbwa, hasa wa ukoo wa collie na machotara wao, ambao dawa hii huwapanda hadi kwenye ubongo: mbwa anayumba, anatokwa udenda, anazimia. Haina dawa ya kuizimua. Dripu za siku kadhaa utazilipia wewe, si jirani.

Kidonge cha minyoo cha mbwa mkubwa naweza kumkatia mdogo?

Kama ni kile cha kidonge kimoja kwa kilo 10, kata. Uzito usikisie: panda mizani umembeba, panda tena peke yako, toa. Dawa ya kupe ya kudondoshea shingoni usiigawe, na ya mbwa yenye permethrini paka asiiguse kabisa. Inaua.

Dawa za duka la binadamu Moshi mjini ni rahisi. Zinafaa?

Baadhi, kwa cheti cha daktari wa mifugo. Mwombe aandike jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Doksisaiklini ya homa ya kupe ndiyo ileile ya watu, na kwa kuwa mara nyingi hutumika wiki nne, tofauti ya bei utaiona. Maliza dozi hata kama mbwa ameanza kubweka mapema. Kujichagulia mwenyewe ni jambo jingine: parasetamoli inaua paka, diklofenaki na ibuprofeni zinamtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo.

Kitoto cha mbwa, miezi miwili, kinaharisha damu. Ninunue kidonge gani?

Hakuna. Huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na hapo kinachookoa ni dripu. Mpeleke leo, umtenge na wenzake, na umpigie daktari ukiwa njiani.