Eti virusi vya kaka ni vibovu, haviui?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi msomaji wenu wa Geita. Kaka yangu alikutwa na VVU 2015, siku moja na mkewe. Wifi hakumaliza hata miaka mitatu akafariki, ila kaka alimeza dawa wiki chache akaacha na mpaka leo anapiga bodaboda, mafua tu hayamshiki. Sasa kasoma kwenye simu eti kuna virusi vimeharibika protini haviui, anasema vyake ndo hivyo, kliniki hataki kusikia. Na anataka kuoa tena! Hiyo kitu ipo kweli?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa wifi. Ipo. Sydney, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 80 kabla kipimo cha VVU hakijatoka, kuna mtu alichangia damu bila kujua anavyo, wagonjwa 8 wakaambukizwa. Miaka ikaenda, mchangiaji na wengi wa wale waliopewa damu yake hawaumwi ukimwi. Mwaka 1995 watafiti wakatoa majibu: virusi vyao vilikuwa vimekatika kipande kwenye jeni (maelekezo ya urithi) inayotengeneza protini inaitwa Nef. Nef ndo inayokificha kirusi, yani seli ikishaambukizwa huwa inatoa alama nje ili askari wa mwili waje waiue, Nef inaziondoa zile alama, askari wanapita tu. Bila Nef nzima kirusi kinaonekana na hata kuzaliana kinazaliana kwa kusuasua.

Ila hapo kaka asishangilie, maana hadithi haijaisha. Ilipofika 1999, baada ya miaka 14 mpaka 18, yule mchangiaji na wawili kati ya waliopewa damu yake CD4 zao (seli za kinga ambazo VVU inazishambulia) zilikuwa zinashuka na mchangiaji akaanzishiwa ARV. Yani kirusi kilichokatika kabisa, kilichochunguzwa maabara, bado kilikula kinga taratibu.

Halafu kuna kitu hajakifikiria. Sydney walijua tatizo liko kwenye kirusi kwa sababu waliogawana kirusi kimoja wengi walikaa vizuri. Kwenu imekuwa kinyume, kama waliambukizana yeye na mkewe basi kirusi ni kilekile na wifi kilimmaliza haraka, sasa ubovu wake uko wapi? Inawezekana zaidi ni mwili wa kaka ndo unapambana, wapo watu wana jeni kama ile HLA-B57 inayokibana kirusi mpaka kikibadilisha protini yake ya Gag ili kikwepe kinajidhoofisha chenyewe. Hiyo hakumpa mkewe na huyo mchumba hatampa.

Na mabadiliko hayaendi upande mmoja. Uholanzi mwaka 2022 walitangaza aina moja inayoshusha CD4 kwa kasi kama mara mbili ya kawaida, na Uganda aina D imeonekana inapeleka watu haraka kuliko aina A. Zuri ni kwamba hata ile ya Uholanzi inatulia kwa dawa hizihizi.

Kwa hiyo arudi CTC (kliniki ya VVU) apimwe CD4 na wingi wa virusi, aanze dawa siku hizi hawasubiri CD4 zishuke, na aseme ukweli kwamba aliwahi kuacha, hawatamfukuza. Mchumba aambiwe kabla ya mahari, apime naye, akiwa hana aulizie PrEP (dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe). Kaka akimeza vizuri virusi vikawa havionekani kwenye kipimo na vikabaki hivyo, kwa ngono hatamwambukiza.