Ketamini, uyoga wa njozi na mgonjwa wa sonona: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mdogo wako anaugua sonona kwa muda mrefu, kwamba vidonge alivyopewa havijamsaidia, na kwamba kuna mtu anauza unga wa uyoga wenye silosibini, yaani kemikali inayoleta njozi, kwa njia ya WhatsApp. Umeuliza kama huo unga, au ketamini, vinaweza kumponya. Nimetoa dawa za usingizi katika hospitali ya wilaya kwa miaka mingi na ketamini ndiyo niliyoizoea kuliko zote, kwa hiyo nitaanza nayo.

Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na ikaidhinishwa huko mwaka 1970. Sisi wa hospitali ndogo tunaitegemea kwa sababu, kwa kipimo cha kawaida, mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na shinikizo lake la damu haliporomoki, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo umeme hukatika katikati ya upasuaji. Lakini kila anayeitumia anajua kwamba humpeleka mgonjwa mbali. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akirudishiwa mfupa wa mkono uliovunjika: macho yalibaki wazi, mboni zikichezacheza, uso umetulia, na alipozinduka alinishika kidole akasimulia taratibu jinsi alivyopaa juu ya paa la nyumba yao na kumwona marehemu mama yake akipeta mchele uani. Nimemwona pia kijana aliyezindukia kwenye ukumbi wenye kelele, watu wakimwita na kumtikisa, akapiga mayowe akiamini kwamba amekwisha kufa, hadi tukalazimika kumpa diazepamu, dawa ya kutuliza. Dawa ilikuwa ileile. Ndiyo maana tunataka chumba kiwe kimya, mgonjwa aelezwe mapema yanayoweza kumtokea, na mtu anayemwamini akae kando yake. Watafiti wanaotumia dawa za njozi kutibu magonjwa ya akili hulishika jambo hilohilo kwa mkazo mkubwa, na mwuzaji wa WhatsApp hawezi kukuuzia hilo pamoja na unga wake.

Manufaa yapo, na nisingependa mtu ayabeze. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti mdogo ulioonyesha kwamba kipimo kidogo cha ketamini, chini ya kile cha kulaza mgonjwa, kilipunguza sonona ndani ya muda mfupi sana, wakati vidonge vya kawaida huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha esketamini, aina ya ketamini ambayo hupulizwa puani, kwa watu ambao dawa zaidi ya moja za sonona zimeshindwa kuwasaidia. Hata hivyo mgonjwa haipeleki nyumbani. Huitumia kliniki, hupimwa shinikizo la damu, huangaliwa kwa muda usiopungua saa 2, na haruhusiwi kuendesha gari mpaka kesho yake baada ya kulala. Nafuu ya dozi moja kwa kawaida hufifia baada ya siku chache au wiki, kwa hiyo hurudiwa, na kurudia bila usimamizi huleta uraibu na kuharibu kibofu cha mkojo. Mwigizaji Matthew Perry, aliyefariki Oktoba 2023, alikuwa amewahi kutibiwa sonona kwa ketamini. Iliyomwua aliipata nje ya utaratibu wa hospitali.

Kuhusu uyoga, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulihusisha watu 233 wenye sonona sugu. Waliopewa miligramu 25 za silosibini, mara moja tu, wakiwa na wataalamu wa kuwasindikiza, walipata nafuu kubwa zaidi baada ya wiki 3 kuliko waliopewa miligramu 1. Lakini baadhi ya washiriki walipatwa na mawazo ya kujiua. Tena hiyo ilikuwa dawa safi iliyopimwa, si unga ambao hujui umetokana na uyoga gani, na unajua kwamba uyoga wa porini usiofaa huua ini.

Sasa niseme lililonishtua katika maelezo yako. Umetaja kwa kupita tu kwamba shangazi yenu aliwahi kulazwa kwa sababu ya kusikia sauti. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote uliyoandika. Katika tafiti hizi, mtu aliyewahi kupatwa na saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona yasiyokuwepo, huondolewa mapema, na mara nyingi hata mwenye historia hiyo kwa ndugu wa karibu, kwa kuwa dawa za njozi zinaweza kuuamsha ugonjwa huo. Kwa mdogo wako, mimi nisingethubutu.

Mrudishe kwa daktari wa akili, na uende naye. Mbebee vifuko vyote vya dawa alizowahi kutumia, kwa sababu mara nyingi dawa inayosemwa imeshindwa ilitolewa kwa kipimo kidogo au iliachwa kabla ya wiki 6. Kama miongoni mwake kuna lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, ujue kwamba wapo waliopata degedege baada ya kuichanganya na silosibini. Mweleze daktari habari ya shangazi bila kuona haya. Na akianza kuzungumzia kufa, usingoje tarehe ya kliniki: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani.