Tunajenga ndogo sasa, vyumba vingine baadaye: tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Tuna watoto wawili, hela iliyopo inatosha vyumba viwili, sebule, jiko na choo kimoja basi. Huko mbele tunataka tuongeze vyumba viwili, labda hata ghorofa Mungu akijalia. Fundi anasema tujenge tu, kuongeza ni kubomoa ukuta. Kweli? (Baba Wawili)

JIBU: Salama Baba Wawili. Fundi hajadanganya, ukuta unabomoka kirahisi, shida ni utakachokikuta nyuma yake, maana mara nyingi pale pale unapotaka chumba kipya ndo kuna chemba ya maji machafu, shimo la choo na tanki la maji, na dirisha la chumba cha watoto linatazama huko huko, ukijenga tu chumba chao kinakuwa giza.

Kwa hiyo chora nyumba nzima leo, hiyo kubwa ya mwisho, halafu ukate kipande cha kujenga sasa. Na hiyo "labda ghorofa" iamue kabla hamjachimba msingi, kwasababu msingi wa nyumba ya chini haujapigiwa hesabu ya kubeba ghorofa, inabidi injinia aangalie udongo na apange nguzo tangu mwanzo. Ngazi nazo zinakula nafasi jamani, watu wanasahau, zitengee sehemu kwenye ramani, kwa sasa iwe stoo. Kama kiwanja kinaruhusu mimi ningeachana na ghorofa niende pembeni, nyumba ikae upande mmoja wa kiwanja isikae katikati, ukiiweka katikati unabaki na vipande viwili ambavyo havitoshi chumba.

Ujanja ninaoupenda kuliko wote ni korido. Iishie kwenye ukuta wa nje, na hapo mwisho weka dirisha lenye upana wa mlango, linta (ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha au mlango) iwe juu kwa urefu wa mlango. Siku ya kuongeza unatoa dirisha, unabomoa tofali za chini yake tu, mlango umepatikana na linta haijaguswa. Tena hakuna mtu atakayepita chumbani kwa mwenzake kwenda chumba kipya.

Paa usilifanye la mikunjo mingi. La pande mbili linarefushwa kirahisi, unaendeleza kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) na bati kwenye mstari ule ule, ila lenye miteremko pande zote nne itabidi ufumue upande mzima. Choo na jiko vipeane mgongo, na mabomba ya choo cha baadaye yapitishwe kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, yazibwe vizuri, na upige picha uonyeshe yalipo. Halafu sehemu mpya ina msingi mpya, nao utatitia kidogo wakati ule wa zamani umeshatulia, kwa hiyo fundi aache uwazi mwembamba kati ya kuta hizo mbili, akiziunganisha moja kwa moja mtaona nyufa.

SWALI: Nimeacha nondo zimechomoza juu nisubiri ghorofa, zinashika kutu. Nifanyeje? (Mama Pili)

JIBU: Zisugue, zipake uji mzito wa saruji, halafu zifunike kwa zege dhaifu ambalo siku hiyo litavunjwa kirahisi. Usizikate fupi, zinahitaji kulaliana, yaani kukaa ubavu kwa ubavu, na nondo mpya kama mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani ya milimita 12 ni sentimita 48 hadi 60. Zikiwa zimeshaliwa na kutu zikawa nyembamba, muite injinia kwanza kabla ya kuongeza tofali hata moja.